Kiwiko cha Nani? Namna ya Kuifufua Mieleka ya Mwaka 1410

Kuna sentensi moja ya Fiore dei Liberi iliyotupotezea Jumamosi tatu mimi na wenzangu wawili. Fundi huyu wa mapigano kutoka Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, anaeleza kitabuni mwake mchezo wake wa kwanza wa mieleka, yaani hila ya kwanza anayoifundisha, hivi: kwa mkono wako wa kushoto mshike mpinzani mkono wake wa kulia, pale unapokunjika, na mkono wako wa kulia uuweke karibu na kiwiko chake. Kiwiko kipi sasa? Cha mkono uleule uliokwisha kuushika, au cha ule wa pili? Kiitalia chake ni kama Kiswahili chetu: kinasema "chake" tu, kisha kinakuachia fumbo.

Kufufua mieleka ya zamani ya Ulaya ni kazi ya namna hiyo. Wengi wakiisikia hudhani ni kuvaa nguo za mapicha na kurushana. Ukweli ni kwamba saa moja ya kuangushana huja na saa mbili za kusoma na kubishana. Nitaeleza njia ninayoifuata mimi kwa kutumia mchezo huohuo mmoja, kuanzia ukurasani hadi mtu anapokwenda chini. Unahitaji mwenzako mmoja mwenye subira, na wakipatikana wawili ni heri zaidi, maana wa tatu atasoma kwa sauti na kushika simu ya kurekodi. Unahitaji pia magodoro ya mazoezi au mchanga laini wa ufukweni, na daftari.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kimoja, kaa nacho

Usianze kwa kuchanganya. Vitabu vilivyobaki ni vingi na kila kimoja kina tabia yake. Fabian von Auerswald, aliyezaliwa mwaka 1462, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 alipochorwa na karakana ya mchoraji Cranach. Kitabu chake kilichapwa Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1539 na Hans Lufft, mchapaji yuleyule wa Biblia ya Luther. Kina michoro 85, na mzee mwenyewe, ndevu zake kifuani, ndiye anayewaangusha vijana. Ni kitabu kizuri kwa anayeanza, maana picha ziko wazi na maelezo ni mafupi. Ott, Myahudi aliyewafundisha mieleka mabwana wa Austria katika karne ya 15, yeye mafundisho yake tumeyapata kwa mikono ya walionakili, akiwemo mwandishi wa hati ya mwaka 1452 iliyoko Rome. Huyo msome baadaye, kwa sababu maneno ni mengi na picha hakuna. Nicolaes Petter wa Amsterdam, aliyechapwa mwaka 1674 kwa michoro ya Romeyn de Hooghe, ni wa ugomvi wa mitaani: mtu amekushika kifuani, mtu amechomoa kisu.

Mimi nilimchagua Fiore. Aliandika karibu mwaka 1410, na nakala nne za kazi yake zimebaki: moja Los Angeles kwenye makumbusho ya Getty, moja New York, moja Paris, na moja mikononi mwa watu binafsi huko Italia, ambayo msomi Francesco Novati aliitoa kwa picha mwaka 1902. Nakala ya Getty ndiyo yenye maelezo marefu, na kurasa zake unazipakua bure. Hilo la bure lisikupite hivihivi. Paulus Hector Mair, mtunza fedha wa mji wa Augsburg, alivipenda vitabu vya mapigano kiasi cha kuchota hazina ya mji, na mwaka 1579 akanyongwa. Wewe unahitaji bando tu.

Hatua ya 2: Soma picha kabla ya maneno

Ukifungua kurasa za Fiore utaona watu wawili wawili wameshikana, na baadhi yao wana taji la dhahabu kichwani, wengine utepe wa dhahabu chini ya goti. Usidhani ni mapambo. Mwenye taji ni fundi: anaonyesha mshiko unaofungua mlolongo mzima. Mwenye utepe ni mwanafunzi wake, anaendeleza palepale fundi alipoachia. Mwenye taji na utepe kwa pamoja ni mpinzani aliyeerevuka: anaonyesha namna ya kuvunja kile ulichokwisha kujifunza. Asiye na chochote ndiye anayeumia.

Kwa hiyo kila picha ina ndugu zake. Ukiitoa peke yake umeing'oa kwenye mnyororo, na utaielewa vibaya. Kosa letu la Jumamosi tatu lilikuwa hilo, kama utakavyoona.

Kabla ya michezo, Fiore anachora mikao minne ya kusimama bila kushikana: mkao mrefu, jino la nguruwe mwitu, lango la chuma, na mkao wa mbele. Watu wengi huiruka wakakimbilia kuangusha. Isimamie, dakika mbili kila mmoja, mbele ya kioo au kamera, mpaka ujue uzito wake uko mguu gani.

Tahadhari kwa watakaochagua kitabu kilichopigwa chapa: ubao wa kuchongwa ukigandamizwa kwenye karatasi hutoa picha iliyogeuzwa, kulia kukawa kushoto, isipokuwa mchongaji amelifikiria hilo mapema. Maneno yakisema mkono wa kulia na picha ikaonyesha wa kushoto, usitupe maneno haraka.

Hatua ya 3: Tengeneza kamusi yako mwenyewe

Tovuti ya Wiktenauer ina maandishi ya vitabu vingi vya aina hii yaliyopigwa chapa upya, mara nyingi na tafsiri pembeni. Tumia tafsiri, ila usiilalie. Mfasiri naye aliwahi kukwama kwenye "kiwiko chake", akaamua upande mmoja na kusonga mbele, na wewe unaupokea uamuzi wake ukidhani ni wa Fiore.

Huhitaji kujua Kiitalia chote. Maneno thelathini au arobaini yanarudia rudia. *Zogho* ni mchezo, na Kiswahili kinalibeba vizuri kabisa. *Presa* ni mshiko. *Ligadura* ni kumfunga mtu viungo vyake. *Dislogar* ni kutegua. *Volta* ni mgeuko. Mkono wa kushoto anauita *mano stancha*, yaani mkono uliochoka, na tangu nilipolijua hilo sijawahi kusahau upi ni upi. Kwa vitabu vya Kijerumani, neno *item* mwanzoni mwa aya mara nyingi hukuambia funzo jipya limeanza, na *bruch* ni dawa ya kuvunja hila iliyotangulia. Jihadhari na maandishi ya upande wa Bavaria na Austria, ambako kushoto huandikwa *tenck* badala ya *linck*.

Kwenye daftari piga mistari upate safu tatu. Ya kwanza: maneno yanasema nini. Ya pili: picha inaonyesha nini. Ya tatu: mimi nimedhani nini. Safu ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiona aibu kuiandika. Baada ya miezi sita hutakumbuka tena kipi ulikisoma na kipi ulikibuni. Daftari litakumbuka.

Hatua ya 4: Jifunze kuanguka, kisha mkubaliane

Fiore mwenyewe anasema kushikana kuko kwa namna mbili: kwa burudani, au kwa hasira, yaani kwa kuokoa maisha. Kisha anataja mambo manane anayohitaji mwanamieleka: nguvu, wepesi, kujua mishiko iliyo bora, kuvunja mikono na miguu, kufunga, kupiga sehemu za hatari, kumweka mtu chini, na kutegua viungo. Hesabu mwenyewe ni mangapi kati ya hayo ungependa mwenzako akufanyie siku ya Jumamosi.

Sisi tumekubaliana hivi. Kuangusha kunaruhusiwa kwa kasi yoyote ambayo anayeangushwa ameizoea. Kutegua kiungo kunakwenda polepole, mpaka pale mwenzako anapogonga kwa kiganja kuashiria imetosha, na akigonga unaachia papo hapo, hata kama video ilikuwa inaelekea kuwa nzuri. Vidole machoni, kupiga koo na kuvunja goti tunavionyesha kwa ishara. Kama hujui kuanguka, nenda kwenye klabu ya judo iliyo karibu nawe, jifunze kuanguka chali, ubavu na kifudifudi kwa mwezi mzima kabla hujafungua Fiore. Mweleka wa mwaka 1410 unauma sawa na wa leo.

Hatua ya 5: Gandisha picha

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Simameni kama walivyochorwa, msisogee, na wa tatu asome. Mshike mwenzako mkono wa kulia kwa mkono wako wa kushoto, pale unapokunjika. Hapo hakuna ubishi. Mkono wako wa kulia je?

Sisi tuliupeleka kwenye kiwiko cha mkono uleule wa kulia. Mikono yako miwili juu ya mkono wake mmoja: unaukunja, unaubana, jamaa anainama mwenyewe. Kulikuwa kutamu, na kulifanya kazi. Mmoja wetu aliyewahi kupita mafunzo ya ulinzi alikitambua mara moja, akasema hiki tulifundishwa. Tukafurahi. Tukakifanya Jumamosi tatu.

Jumamosi ya nne alikuja mgeni, binti asiyejua lolote juu ya mieleka, tukampa kazi ya kusoma kwa sauti. Hakujua kwamba anatakiwa aishie mwisho wa aya. Akaendelea mpaka mchezo wa pili, ambapo mwanafunzi wa yule fundi anajigamba kuwa ana hakika ya kumbwaga huyu mtu chini au kumtegua mkono wa kushoto. Wa kushoto! Na zaidi: anasema, kama mpinzani atauondoa mkono wake wa kushoto begani mwangu ili ajitetee kwa njia nyingine, basi nitafanya jambo lingine.

Kumbe mkono wa kushoto wa mpinzani ulikuwa begani muda wote, na kiwiko kinachotakiwa ni cha mkono huo. Simama tena. Mkono wako wa kushoto uko pale mkono wake wa kulia unapokunjika. Mkono wako wa kulia uko kwenye kiwiko chake cha kushoto. Viganja vyake vimekaa juu yako. Umemshika pande zote mbili kama dereva aliyeshika usukani, na sasa lile neno *volta*, ugeuze mwili, lina maana.

Picha ilikuwa imesema hivyo tangu mwanzo. Hatukuiona kwa sababu tayari tulikuwa na kitu kinachofanya kazi.

Hatua ya 6: Jaza pengo, lakini kwa unachokiona

Kati ya picha ya kwanza na ya pili kuna nusu sekunde ambayo hakuna aliyeichora. Miguu ilikwenda wapi? Nani alivuta, nani alisukuma? Kila mtu atalijaza pengo hilo kwa kile mwili wake umekizoea. Mcheza judo ataingiza nyonga. Aliyekulia kupigana mitama shuleni atafagia mguu. Hakuna ubaya wa kuwa na mwili uliozoea jambo, ila lazima umkamate mwizi mlangoni.

Fanya hivi: anza kwenye picha ya mwisho na urudi nyuma. Mwekeni mpinzani pale alipo kwenye mchezo wa pili, amepinda, bega la kushoto limeinuka. Kisha rudisheni mwendo polepole hadi mshiko wa kwanza, mara tano, mara sita. Angalia nyayo. Kama mguu wako umelazimika kuruka mahali ili picha zikutane, njia hiyo si yake. Njia nzuri mara nyingi ndiyo fupi na ya kivivu.

Kwangu mimi imekaa hivi, na hii ni safu ya tatu ya daftari: kushoto kwangu kunavuta mkono wake wa kulia kuelekea chini, kulia kwangu kunapandisha kiwiko chake cha kushoto na kukivusha mbele ya uso wake, huku kiuno kikigeuka na mguu wa kulia ukipiga hatua moja. Dereva amekata kona. Mkono wake ukibaki begani, kiwiko kinaelemewa. Akiukunja ajiokoe, mwili unaufuata na anakwenda chini. Ndiyo maana Fiore anasema "au": au ataanguka, au mkono utateguka. Hasiti hapo. Anamwachia mpinzani achague msiba wake.

Hatua ya 7: Mwache mwenzako akatae

Mchezo usiowahi kukataliwa bado ni dansi. Nenda kwa ngazi. Kwanza mwenzako anasimama tu, anataka asianguke. Halafu anaruhusiwa kusogea. Halafu naye anataka kukuangusha, ila kwa mshiko huo mmoja. Mwisho mnashikana kwa uhuru na unauvizia uje wenyewe.

Ngazi ya pili ndiyo itakayoua nusu ya tafsiri zako. Hapo mimi humkimbilia Ott, ingawa nilisema tusichanganye, kwa sababu anatoa kitu ambacho Fiore anakidokeza tu. Anasema katika mieleka yote kuna mambo matatu: ufundi, wepesi, na kuweka nguvu panapostahili. Kisha anagawa: aliye dhaifu kuliko wewe mtangulie, na tegemea wepesi. Aliye sawa nawe nendeni pamoja, na tegemea mizani. Aliye na nguvu kuliko wewe mwache aanze, na tegemea kunjo la goti. Mimi ni mwembamba, na mwenzangu mmoja hubeba magunia sokoni. Nilipokuwa namtangulia nilikuwa nasukuma ukuta. Nilipokunja magoti na kumngoja anisukume, kiwiko chake kikaja chenyewe mkononi mwangu.

Baada ya kila raundi jiulize maswali manne, kwa mpangilio huu. Inafanana na picha? Inakubaliana na maneno? Inaungana na mchezo unaofuata? Inamwangusha asiyetaka kuanguka? Tafsiri yetu ya kwanza ilipita swali la nne kwa kishindo na ikafeli la tatu. Kama yako ni hivyo, umepata mweleka mzuri, utumie popote utakapo, lakini usiuite wa Fiore.

Vaa viatu vyenye soli bapa au uende pekupeku. Raba zenye meno hunasa chini, goti likageuka huku unyayo umebaki. Na usivae koti la judo mpaka umejiuliza kama kitabu chako kinashika nguo. Kwenye michezo hii ya mwanzo Fiore anashika viwiko, miguu, koo. Ukimpa mtu kola ataishika kola, na utakuwa unachunguza kitabu kingine.

Hatua ya 8: Ita mashahidi wa nje

Ulaya bado ina mieleka ya asili ambayo haikukatika kabisa: gouren huko Brittany, mieleka ya Cornwall inayopiganwa kwa koti, glima ya Iceland, na schwingen ya Uswisi, ambako watu hupigana juu ya unga wa mbao wakiwa na kaptura za gunia na bingwa huondoka na fahali. Video zao ni darasa la miguu. Ila kila moja imepindwa na sheria zake: pale ambapo ushindi ni kuangusha mtu chali, watu hujifunza kuanguka kifudifudi, na Fiore hana haja na hilo. Watazame ili upate wazo, kisha urudi kwenye maswali manne.

Shahidi mwingine yuko karibu nasi zaidi. Mwalimu wa mieleka ya Kiyunani wa karne ya 2 aliacha maagizo kwenye karatasi ya mafunjo iliyofukuliwa Oxyrhynchus, Misri, na leo iko Chuo Kikuu cha Columbia. Hakuna picha hata moja. Ni sauti ya mtu anayeamrisha wanafunzi wawili kwa zamu: wewe shika hivi, wewe jibu hivi, malizaneni. Tangu niisome nimeanza kuendesha mazoezi kwa sauti vilevile, na makosa yanaonekana mapema, kwa sababu agizo usiloweza kulitamka kwa pumzi moja mara nyingi ni agizo usilolielewa.

Sasa fungua mchezo wa tatu. Mpinzani ameutoa mkono wa kushoto begani. Mwanafunzi anauachia mkono aliokuwa ameushika, anachota mguu, na kiganja cha pili kinakwenda chini ya koo. Mguu upi, kwa mkono upi? Usiangalie tafsiri kwanza. Piga mistari ya safu tatu, msimamishe mwenzako, na ukishapata jibu soma aya inayofuata kabla hujashangilia.